Barua ya Juu, Barua ya Chini

Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe.

Hapo ndipo tulipomwacha Soma-Tena, wasomaji wangu, na maskini ya Mungu wiki nzima amekaa vilevile akiwasubiri mrudi. Tumwondoe basi, maana mkono umeshaanza kufa ganzi.

"Imetumwa," kompyuta ikamwambia.

Kwa aliyefungia sabuni gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, habari ni hii. Soma-Tena ni karani wa barua katika kiwanda cha samani: vitanda, kabati, meza na kadhalika. Barua yoyote inayokwenda kwa mteja lazima ipite machoni pake, na jina lake alipewa na wenzake kwa sababu hakuna barua aliyowahi kuipokea bila kusema, "Soma tena." Ukutani, juu ya kiti chake, amebandika karatasi ya herufi kubwa: SOMA TENA KABLA YA KUTUMA. Kabla ya kuibandika aliisoma mara tatu.

Lakini bwana huyu ana siri. Mteja akimkera, huandika barua mbili kwenye ujumbe mmoja. Juu huandika barua ya moyo, ambamo humwaga kila neno analotamani kumwambia mteja uso kwa uso. Moyo ukishatulia, chini yake huandika barua ya kazi, yenye heshima na taadhima. Kisha hufuta ya juu na kutuma ya chini. Amefanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na ajuaye ni mkewe tu.

Leo hakufuta ya juu.

Na alikuwa anafanya nini hata asiifute? Alikuwa anahubiri. Dada mhasibu alikuwa ameingia na barua yake fupi ili ikaguliwe, na Soma-Tena akamgeukia, kidole kimoja hewani, kingine kwenye kitufe, akasema, "Dada yangu, mtu makini na mtu mzembe wanatofautiana kwa pumzi moja tu kabla ya kutuma."

Akavuta hiyo pumzi. Akatuma.

"Kaka," mhasibu akasema, "mbona umepauka ghafla?"

"Nani? Mimi? Ni mwanga wa dirishani."

"Dirisha liko nyuma yako."

Soma-Tena alikuwa ameshaigeukia kompyuta. Alikuwa ameifungua barua iliyokwenda, na macho yake, macho yaliyosifiwa kiwanda kizima, yakaanza kusoma kile ambacho alipaswa kukisoma mapema. Mhasibu akainama nyuma ya bega lake. Soma-Tena alijaribu kumziba, akachelewa.

Barua ilianza hivi:

*Mama yetu mpendwa, bingwa wa kubadilisha mawazo,*

*Jumatatu ulitaka ubao wa kichwani wa kila kitanda uwe wa mviringo. Jumatano ukataka wa pembe nne. Leo unataka mviringo tena, "lakini si mviringo sana." Mama, sisi ni maseremala, si waganga. Fundi mkuu wetu sasa akisikia jina la hoteli yako anashika kiuno. Ukibadilisha mawazo mara nyingine, tutakuletea magogo na misumeno, wageni wako wajichongee vitanda wenyewe.*

Mhasibu akaangua kicheko. "Ya Mama Hoteli hii? Umemwandikia Mama Hoteli hivi?"

"Sikumwandikia. Niliandika tu."

"Na umetuma."

"Ndiyo hapo."

Mama Hoteli ndiye mteja mkubwa kuliko wote. Hoteli yake mpya ina ghorofa nne, na kila chumba kinataka kitanda, kabati, meza na kiti. Kwa ajili yake kiwanda kilikuwa kimesimamisha kazi nyingine zote.

Mhasibu aliendelea kusoma huku akijifuta machozi ya kicheko. Akafika aya ya pili. Kicheko kikakatika.

*Na usitegemee bosi wetu akuambie haya. Yule simu yako ikilia anasimama wima na kufunga vifungo vya koti, utadhani unamwona. Kila kikao anatuapia kwamba safari hii atakueleza ukweli. Ukipiga, anakuuliza wajukuu hawajambo, kisha anasema ndiyo, Mama, kabla hujataja unachotaka. Siku ukimwagiza kitanda cha mchanga, ataniita akaniuliza mchanga unauzwa wapi.*

"Kaka," mhasibu akasema polepole, "huyu ni bosi wetu au kuna mwingine?"

"Ni wetu."

"Yule ambaye barua yako ya cheo iko mezani kwake tangu asubuhi?"

"Huyo huyo."

Kumbe hamkusahau. Barua ya kumpandisha Soma-Tena kuwa mkuu wa mawasiliano ilikuwa mezani kwa bosi ikisubiri sahihi. Bosi alimwambia aiandike mwenyewe, "maana wewe ndiye unayejua kuandika." Naye akaiandika, akaisifia kazi yake kwa kiasi, akaisoma tena, akaongeza sifa kidogo.

Tuseme ukweli: aliogopa. Si kuogopa kwa mzaha. Kiwandani hapo aliingia akiwa kijana asiyejua hata kufunga tai, na kazi nyingine yoyote haijui. Nyumbani ameshatangaza. Wanawe wameanza kumwita "Mkuu" wakimwomba daftari. Baba mkwe wake, ambaye kwa miaka yote amekuwa akimtambulisha kwa watu kama "yule anayeandikaandika", jana alipiga simu mwenyewe kumpongeza.

"Irudishe," mhasibu akasema.

"Inarudishwaje?"

"Sijui. Wewe si ndiye mtu wa barua?"

"Dada, ingekuwa njiwa ningempigia mluzi."

Akanyanyua simu, akapiga hotelini. Akapokea kijana wa mapokezi mwenye sauti ya mtu asiye na haraka na maisha.

"Habari za kazi, ndugu yangu. Kuna barua pepe tumewatumia sasa hivi. Naomba msimpe Mama. Ina... ina kasoro."

"Mama hasomi kwenye kompyuta, kaka. Barua zake tunamchapia."

"Alhamdulillahi. Basi hiyo msiichape."

"Tumeshachapa. Kurasa mbili. Leo mmekuwa na mengi."

Soma-Tena akashika ukingo wa meza. "Mmeisoma?"

"Sisi barua za Mama hatusomi. Tuna watoto wa kulisha."

"Iko wapi?"

"Kwenye mkoba wake."

"Mkoba uko wapi?"

"Begani kwake."

"Na yeye yuko wapi?"

"Ametoka. Amesema anakuja huko kwenu."

Simu ikarudi mahali pake bila kuaga. Soma-Tena, anayewafundisha wenzake kwamba mazungumzo ya simu humalizwa kwa shukrani, alikuwa ameitupa kama kaa la moto.

Mtu akibanwa hivyo humpigia nani? Alimpigia mkewe.

"Mama watoto, nimetuma ya juu."

Mkewe akauliza kwa utulivu, "Ya juu ya nani?"

"Ya Mama Hoteli."

"Na ya chini?"

"Nayo imekwenda. Zimekwenda pamoja."

Alisikia kitu kikianguka upande wa pili, pengine sufuria, pengine mkewe mwenyewe. Kisha akasikia anacheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Wewe! Siku mama yangu alipolazwa nikakuandikia uje upesi, ukanijibu kwamba ujumbe mzuri huanza na salamu!"

"Mke wangu, hilo si la leo."

"Ni la leo kabisa. Humo umemtaja na bosi?"

"Kuna aya."

Kicheko kikaisha. "Baba watoto."

"Naam."

"Lile shati lako jeupe la akiba bado liko kwenye droo ya ofisi?"

"Lipo."

"Livae. Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe ukiwa nadhifu."

Hakupata nafasi ya kulivaa. Mlango ulifunguliwa na bosi akaingia akitabasamu hadi magego, na tabasamu la bosi ni kitu ambacho hofisi ile ilikuwa haijakiona tangu Mama Hoteli aanze na habari za mviringo.

Subirini. Nimeandika "hofisi". Tazameni jinsi ugonjwa huu unavyoambukiza. Nimeiacha makusudi, mhariri akome kusema kwamba nasimulia mambo nisiyoyajua.

"Mama amenipigia yuko njiani!" bosi akasema. "Anasema amepata barua yetu na anataka kuizungumza ana kwa ana. Ana kwa ana! Ulimwandikia nini wewe?"

"Nilimwandikia... kama kawaida, bosi. Nilimweleza."

"Umemweleza kwa adabu?"

"Sehemu kubwa."

"Safi. Leo na mimi nitamwambia ukweli. Nitamwambia, Mama, chagua moja, mviringo au..."

Simu ya bosi ikalia mfukoni. Akaitazama. Akasimama wima. Mkono wake wa kushoto, bila kuagizwa na mtu, ukaanza kufunga vifungo vya koti.

"Shikamoo, Mama! Ndiyo, Mama. Wajukuu hawajambo? Ndiyo, Mama. Getini? Ndiyo, Mama."

Mhasibu akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, akaegemea karatasi ya SOMA TENA ili asianguke.

Bosi na Soma-Tena wakaenda kumsubiri kwenye chumba cha bosi. Chumba hicho si kikubwa: meza moja nzito iliyochongwa kiwandani humohumo, viti vinne, dirisha linalotazama karakana. Sauti ya randa na msumeno iliingia pamoja na vumbi jembamba la mbao. Kwenye kona ya meza, chini ya kikombe cha kalamu, Soma-Tena aliiona barua yake ya cheo. Bado haikuwa na sahihi.

Mama Hoteli aliingia bila haraka. Ni mama mfupi, mnene wa wastani, mwenye mkoba mkubwa na sauti ya chini ambayo haijawahi kulazimika kupanda. Wakamwamkia. Akaitika. Akakaa.

"Nani kaandika barua hii?" akauliza, na kutoa mkobani karatasi mbili zilizokunjwa.

"Huyu hapa, Mama!" bosi akasema kwa fahari, akamsukuma Soma-Tena mgongoni mpaka akasogea hatua mbele. "Huyu ndiye mtu wetu wa barua. Neno haliponyoki mbele yake. Leo hii nampandisha cheo."

"Ahaa." Mama akamtazama Soma-Tena kuanzia viatu kwenda juu. "Nimesahau miwani, mwanangu. Hebu nisomee."

Jamani. Jamani!

Karatasi zikapita kutoka mkono wa Mama hadi mkono wake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa barua ya juu. Ukurasa wa pili ulikuwa barua ya chini. Mpangilio wenyewe ulikuwa mzuri, kichwa mahali pake, aya zimejipanga; hata katika saa ile ya balaa aliliona hilo, akajichukia kwa kuliona.

Kisha akili ikamjia. Miwani hana! Hajasoma!

Akaupeleka ukurasa wa kwanza nyuma ya wa pili kwa ufundi wa mchezaji karata, akakohoa, akasoma:

"Mheshimiwa Mama. Tunakushukuru kwa maelekezo yako mapya kuhusu mbao za kichwani. Tumeyapokea kwa moyo mkunjufu. Ili kazi yako ikamilike kwa ubora unaostahili, tunaomba kwa unyenyekevu ututhibitishie umbo la mwisho. Tunabaki, watumishi wako."

Alisoma kwa sauti nzuri. Alipofika "watumishi wako" hata yeye mwenyewe aliguswa.

"Umesikia, Mama?" bosi akasema, akichukua kalamu. "Barua kama hiyo inatakiwa iwekwe kwenye fremu. Mhasibu, njoo uone barua inavyoandikwa!"

Mhasibu alikuwa ameshafika mlangoni zamani. Asingekosa jambo hili hata kwa dawa.

Soma-Tena alianza kupumua. Alianza hata kujisifu kimoyomoyo. Tazama, alijiambia, mtu makini hujiokoa popote. Keshokutwa angewasimulia wanafunzi wake wa baadaye, yeye Mkuu wa Mawasiliano, jinsi...

"Nzuri sana," Mama Hoteli akasema. Akafungua mkoba. Akatoa miwani. Akaivaa. "Sasa nisomee ukurasa wa kwanza."

Msumeno ule wa karakana ukanyamaza wakati huohuo, kana kwamba nao ulitaka kusikia.

"Mama... miwani si ulisahau?"

"Nilisahau kuivaa. Nimekumbuka."

"Kuna ukurasa mwingine?" bosi akauliza.

"Upo," Mama akasema. "Nimeusoma. Nikausoma tena. Nilitaka kujua kama aliyeuandika ana mdomo au ana vidole tu. Soma, mwanangu. Ukinisomea kwa sauti hiyohiyo, tutaelewana. Ukikataa, vitanda vyangu nitavitafuta kwingine leo hii hii."

Dirishani, fundi mkuu alikuwa ameinama juu ya ubao wa mviringo, mkono mmoja kiunoni. Soma-Tena akamtazama. Akaitazama barua ya cheo. Hakukuwa na mlango wa kutokea.

Akasoma.

Akasoma "bingwa wa kubadilisha mawazo". Bosi akadondosha kalamu. Akasoma Jumatatu, Jumatano na "si mviringo sana". Akasoma waganga, kiuno, magogo na misumeno. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, ikakaza kidogo, na alipofika kwa wageni kujichongea vitanda wenyewe, ilikuwa karibu sauti ya mtu.

Akasimama hapo. Alikuwa amefika mwisho wa aya ya kwanza.

Mama Hoteli hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena.

"Wanangu wananiogopa," akasema. "Wafanyakazi wangu wananiogopa. Nabadilisha ili nione kama kuna mtu atanikatalia, nao wanaitikia tu, basi na mimi nabadilisha tena. Nimechoka, mwanangu. Mviringo. Mwambie fundi wako mviringo, na kiuno chake kipone. Sibadilishi."

Bosi aliruka kutoka kitini. Hakuamini masikio yake. Alimkumbatia Soma-Tena, akamkumbatia mhasibu kwa bahati mbaya, akarudi mezani na kuivuta barua ya cheo.

"Shujaa!" akasema. "Huyu ni shujaa! Mimi nilijua! Nilimwambia asubuhi, mwambie Mama ukweli! Kalamu yangu iko wapi? Nasaini sasa hivi, na wewe Mama uwe shahidi."

Soma-Tena akakunja karatasi haraka. "Asante, bosi. Asante, Mama. Basi mimi niende nikamwambie fundi..."

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza. "Kuna aya ya pili."

"Hiyo si muhimu, Mama. Ni ya kufungia."

"Kwangu ni muhimu. Yangu nimeyasikia na nimeyakubali. Sasa nataka mwenzangu naye asikie ya kwake."

"Mwenzako nani, Mama?" bosi akauliza huku akicheka, kalamu mkononi. "Kuna mwingine naye katajwa? Ha! Soma, soma! Mimi nasaini, wewe unasoma. Na usiruke hata neno. Jina lako nani?"

"Soma-Tena," akasema kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake polisi.

"Basi!"

Bosi akainamia meza. Kwa heshima ya tukio, akafunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, mbele ya Mama. Mlangoni, mhasibu akaziba macho kwa mikono miwili na kuacha nafasi kati ya vidole.

Soma-Tena akakunjua karatasi. Maisha yake yote alikuwa ameomba watu wasome wanachoandika. Leo alimwomba Mungu jambo moja tu, asahau kusoma. Mungu hakumsikiliza. Kila neno lilikuwa mahali pake, safi, bila kosa hata moja.

Akafungua mdomo. "Na usitegemee bosi wetu..."

Kalamu, iliyokwisha kuandika herufi ya kwanza ya sahihi, ikasimama.